Kuzikwa Mara Mbili

Kila vyuo vya hoteli vinaponadiwa nchini Tanzania, Bara na Visiwani, hutajwa maneno mawili: ukarimu na utalii. Ni maneno mazuri, na uzuri wake ndio msiba wake, kwani yamekopwa bila kuulizwa maana.

Karimu ni mwenye chake akakitoa. Ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu, kwa kuwa Yeye hutoa wala hapungukiwi. Mtu abebaye sahani ya mwenzake, kumpelekea wa tatu, kwa amri ya wa nne, hatendi ukarimu, huyo anatumika. Kutumika si aibu, na kazi ni kazi. Aibu ni kukipa kitu hiki jina la kile. Kutalii nako, kabla ya kuja mahoteli, kulikuwa ni kusoma kwa makini, kupitia jambo kwa jicho la kutaka kulijua. Kwa asili ya neno, basi, mtalii ni msomaji, na nchi anayoijia ndiyo kitabu. Swali linalokwepwa ni hili: nani atamsomesha mtalii kitabu hicho, ikiwa mwenye kitabu mwenyewe amefundishwa kupanga uma na visu tu?

Swali hili lina uzito mahali ambapo wasomaji wa pwani huenda hawakupata kupasikia. Galula imo katika Wilaya ya Songwe, bonde la mto Songwe unaomwaga maji yake Ziwa Rukwa. Mkoa wenyewe, wa Songwe, ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Hakuna Kilimanjaro huko, wala Serengeti, wala mchanga mweupe wa Nungwi. Kwa hiyo mtu mzima wa Galula, mwenye watoto na shamba, asemapo kwamba anakwenda chuoni kusomea uendeshaji wa hoteli na utalii, huchekwa mara mbili. Huchekwa nyumbani, kwamba umri umempita na kazi hiyo ni ya vijana wenye sura na Kiingereza. Huchekwa na chuoni, kwamba anatoka pasipo na cha kutaliiwa.

Vicheko vyote viwili ni vya ujinga, na cha pili ndicho kibaya zaidi, kwa sababu huvaa joho la elimu.

Wataalamu wa miamba duniani wanalijua jina la Galula kuliko wanavyolijua majirani zake wa mikoa ya pili. Tabaka la mawe la bonde la Rukwa, lenye umri wa takriban miaka milioni 100, wamelipa jina hilo hilo la Galula. Ndani yake wamefukua mifupa ambayo haikupata kuonekana kwingineko. Mwaka 2010 alitangazwa Pakasuchus, mamba wa kale mwenye umbo dogo kama la paka na meno yaliyokaribia ya mamalia. Jina lake la pili, kapilimai, ni la kumuenzi marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 akatangazwa dinosaria Rukwatitan bisepultus. Mwaka 2017 akaja Shingopana songwensis, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyepewa jina la mto Mtuka na la mfupa wa mkia wake ulio na umbo la moyo.

Na ayasome majina hayo kila apendaye mashairi: Paka. Shingo pana. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Wageni waliotoka Marekani, walipotaka kukipa jina kiumbe kilichosubiri miaka milioni 100, walikibisha hodi Kiswahili, nacho kikawakaribisha. Leo hii mwanazuoni wa Ohio au wa Sydney hana budi kutamka moyowamkia. Lakini mwana wa Galula akiingia chuoni nchini mwake, huambiwa kwamba lugha hiyo haitoshi kuelezea kitanda kinavyotandikwa.

Hapa ndipo penye ugomvi. Mafunzo ya cheti na stashahada katika vyuo vya ufundi na vya kati huendeshwa, kwa kanuni na kwa mitihani, kwa Kiingereza. Anayeomba kuanza ngazi ya cheti hutakiwa awe na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Ama kijana aliyetoka shuleni juzi, huenda akavuka kwa kukariri. Mtu mzima aliyeacha shule miaka 20 iliyopita, akalima, akavua, akapika kwenye misiba na arusi za watu 300, huja na maarifa ambayo mtihani haukuandaliwa kuyauliza. Anajua kukadiria mchele kwa jicho, kujua ni nani atangulizwe kukaribishwa na nani akae wapi, kumtuliza mgeni aliyekasirika bila ya kumdhalilisha mwenyeji. Huo ndio uongozi wa hoteli. Lakini kwa kuwa anaujua kwa Kiswahili, au kwa Kinyiha, au kwa Kibungu, huhesabiwa hajui kitu.

Madhara yake si ya heshima peke yake. Hufundishwa katika upishi kwamba chakula hakiachwi katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, kwani humo ndimo vijidudu huzaana kwa kasi. Mwanafunzi aliyekariri sentensi hiyo kwa lugha asiyoimiliki hupata alama yake, kisha huiacha sufuria ya mchuzi juu ya meza tangu adhuhuri hadi magharibi. Hakuasi, hakuelewa. Vivyo hivyo katika hesabu za gharama, katika sheria za kazi, katika mkataba atakaoutia saini. Mtu asiyeusoma mkataba wake hawezi kuitwa meneja, hata akivishwa tai.

Watetezi wa utaratibu huu wana hoja moja, nayo ni lazima ijibiwe kwa haki. Husema: mgeni hajui Kiswahili. Ni kweli, wapo wasiokijua, na mwanafunzi na afundishwe Kiingereza vizuri, na Kitaliani na Kifaransa akiweza. Lakini lugha ya kusema na mgeni ni jambo moja, na lugha ya kufahamia elimu ni jambo jingine. Kumfundisha mtu kuogelea si lazima kumzamishe kwanza.

Tena, ni mgeni yupi huyo anayesemwa? Katika mkoa huo huo wa Songwe upo mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, mlango wa barabara kuu itokayo bandari ya Dar es Salaam kuelekea Zambia na Kongo. Hapo hulala madereva wa malori, wafanyabiashara, wasafiri waliokwama kwa karatasi za forodha. Hao ni wageni, na gesti wanamolala ni nyumba za ukarimu kama zilivyo hoteli za nyota tano. Wengi wao, tangu Dar es Salaam hadi Lubumbashi, huagiza chai kwa Kiswahili. Anayezipuuza nyumba hizo kwa kuwa hazina mzungu mlangoni, na aseme wazi kwamba hafundishi ukarimu, anafundisha rangi.

Wengine hudai Kiswahili hakina msamiati. Mwaka 1963 Julius Nyerere alimtoa Julius Caesar wa Shakespeare kwa Kiswahili, na mwaka 1969 akamfuatishia mfanyabiashara wa Venice. Lugha iliyomkaribisha Shakespeare na Seneti ya Roma chini ya dari yake, ikawalaza na kuwalisha, itashindwa kumpokea karani wa mapokezi na daftari lake? Mtu huyo huyo, akiuwasilisha Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano mwaka 1964, alitanguliza elimu ya watu wazima, kwa hoja kwamba nchi haiwezi kungoja miaka kumi au 20 hadi watoto wakue. Mwaka 1970 ukafanywa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati ule mtu mzima aliitwa darasani kwa lugha yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 nayo ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote. Kinachokosekana si ruhusa, ni nia.

Visiwani nako pasijiweke kando. Chuo cha Maruhubi, kilichounganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar mwaka 2016, kimezungukwa na mji ambao historia yake yote ni ya kupokea wageni. Kila siku husikika lawama kwamba wafanyakazi wa Bara wamejaa mahotelini. Lawama hiyo imekosea njia. Mpemba anayetandika kitanda Nungwi na mtu wa Galula anayetandika cha pili yake wamefanyiwa jambo moja: wote wamefunzwa kunyamaza juu ya kwao. Mmoja ana misikiti ya kale na magofu, wa pili ana mifupa na Kimondo cha Mbozi, na wote hujibu kwa tabasamu walilofundishwa.

Yatakiwayo si makubwa. Somo lifundishwe na litahiniwe kwa Kiswahili, na lugha za kigeni ziwe masomo yenye walimu hodari. Utaratibu wa VETA wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa upanuliwe hadi ufungue mlango wa stashahada, ili mpishi wa arusi 20 asianzishwe kama mtoto. Na kazi ya mwisho ya kila mwanafunzi iwe ni kuieleza nchi atokayo: wa Galula aeleze Galula, ajue jinsi tabaka lile lilivyotandikwa, amfikishe mgeni Ndolezi kwenye kimondo, na nauli ibaki kijijini.

Jina bisepultus, alilopewa yule Rukwatitan, ni la Kilatini, na maana yake ni aliyezikwa mara mbili. Mtu mzima wa Galula naye amezikwa mara mbili. Alizikwa kwanza pale shule ilipomponyoka utotoni. Amezikwa tena ukubwani, safari hii ndani ya darasa, kwa lugha isiyomfikia. Mifupa ya mnyama ilipata watu wa kuvuka bahari kuja kuifukua kwa brashi na kwa subira. Aliye hai hahitaji safari ndefu hivyo. Anahitaji mwalimu wake amwambie karibu, kwa neno analolielewa.