Damu isafiri, mgonjwa abaki Mgeta

Siku hizi kambi za upimaji wa afya mijini hazikosi tangazo la kupima saratani kwa damu, na kwa wanaume tangazo hilo lina mvuto wa pekee. Kwa miaka mingi mazungumzo ya tezi dume nchini yamekwama kwenye kidole cha daktari, na wengi wameikwepa hospitali kwa sababu hiyo. Sasa wanaambiwa inatosha kutoa damu kidogo mkononi. Hiyo ni habari njema, ila ina mipaka yake. Kabla halmashauri za Mkoa wa Morogoro hazijaingia kwenye mkumbo wa kumpima kila apitaye, yafaa tuulize kipimo hiki kinamfaa nani zaidi: mtu asiye na dalili yoyote, au yule ambaye ugonjwa wake umeshajulikana? Hoja yangu ni kwamba kinamfaa zaidi huyo wa pili, na kwamba kwa watu wa milima ya Uluguru huyo ndiye aliyesahaulika.

Viashiria vya saratani ni protini au homoni ambazo uvimbe humwaga kwenye damu. Taabu yake ni kwamba vingi kati yake hutolewa pia na viungo visivyo na saratani. PSA, kiashiria cha tezi dume, hupanda mwanaume anapopata maambukizi ya njia ya mkojo, anapowekewa mpira wa mkojo, au tezi inapotanuka kwa sababu ya umri tu. Tena kiwango cha chini hakimhakikishii mtu usalama: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta saratani kwa wanaume wapatao 15 katika kila 100 ambao PSA yao haikuvuka 4, kiwango kilichozoeleka kuitwa cha kawaida. Marekani yenyewe iliidhinisha PSA mwaka 1986 kwa ajili ya kufuatilia wagonjwa, na ruhusa ya kuitumia kusaidia kugundua ugonjwa ikaja mwaka 1994.

Tupige hesabu. Tuseme wamepimwa watu 1,000 wasio na dalili, na watano kati yao wana saratani. Tuseme pia kipimo chetu kinawanasa wanne kati ya hao watano, na kinawashtua bure watu 10 katika kila 100 walio wazima. Mwisho wa siku watu wapatao 104 watarudi nyumbani na majibu ya kutisha, na wanne tu ndio wagonjwa kweli. Hao wote 104 watahitaji daktari bingwa, picha, na pengine kutolewa kinyama kipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia. Mtu wa Tchenzema au Kolero, huko milimani Uluguru, aliyepewa karatasi yenye namba kubwa, bila kuonyeshwa wa kumwona wala nauli itokako, amebebeshwa hofu badala ya kupewa huduma.

Wapo watakaosema kwamba wagonjwa wetu hufa kwa kuchelewa, kwa hiyo kipimo chochote cha mapema ni bora kuliko kukaa kimya. Hoja hii ina uzito. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yanaonyesha Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoa matokeo yake mwaka 2009 ulionyesha kuwa PSA ilipunguza vifo vya saratani ya tezi dume kwa takriban asilimia 20. Lakini ili kuokoa mwanaume mmoja ilibidi kupima wanaume 1,410 na kuwatibu 48 wa ziada, na ingawa hesabu hiyo imepungua kadiri miaka ya ufuatiliaji ilivyoongezeka, ilipatikana katika nchi ambako aliyeshtuliwa na namba hukuta daktari anamsubiri. Kwa saratani ya ovari, Uingereza ilifuatilia wanawake zaidi ya 200,000. Mwaka 2021 ikabainika kwamba kuwapima kwa kiashiria cha CA-125 hakukupunguza vifo.

Isitoshe, kuchelewa kwetu hakutokani hasa na uhaba wa vipimo vya damu. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, na dalili zake za awali hutafutwa kwa kupaka siki na kutazama kwa macho, kazi ambayo muuguzi aliyefunzwa anaiweza kituoni na hata kutibu siku hiyo hiyo. Chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Uvimbe wa titi huanza kugunduliwa kwa mkono. Mwanamke anayetoka damu isiyo ya kawaida anachelewa kwa sababu amezungushwa kati ya duka la dawa, mganga na zahanati, au kwa sababu barua ya rufaa haikuja na nauli. Kiashiria cha damu hakiziondoi sababu hizo.

Tuangalie sasa pale damu inaposema kweli. Mwaka 1956 daktari Min Chiu Li, mzaliwa wa China aliyekuwa Marekani, aliwatibu kwa dawa ya methotreksati wanawake wenye saratani inayoanzia kwenye kondo la nyuma. Uvimbe ulitoweka, lakini homoni ya hCG ilikuwa bado inaonekana kwenye mkojo, naye akaendelea na dawa mpaka homoni iishe. Wakubwa wake waliona anawatesa wagonjwa bure, wakamwondoa kazini. Wagonjwa walioendelea na dawa hadi mwisho ndio waliopona, na mwaka 1972 Li alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker. Mpaka leo mwanamke aliyesafishwa mimba zabibu hufuatiliwa kwa homoni hiyo hiyo: ikishuka hadi kuisha, yuko salama, ikipanda, tiba huanza mapema na karibu wote hupona. Vivyo hivyo PSA ya mwanaume aliyetibiwa tezi dume huonyesha ugonjwa unaorudi, mara nyingi kabla mifupa haijaanza kuuma.

Kundi jingine ni la wenye hatari inayojulikana. Saratani ya ini hapa kwetu hufuata virusi vya homa ya ini B na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Chanjo ya homa hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi hawakuipata. Tone moja la damu linatosha kumtambua mwenye virusi, na dawa ya kuvidhibiti, tenofovia, tayari imo kwenye tiba ya VVU. Mwenye ini lililokwisha kusinyaa ndiye wa kupimwa AFP, kiashiria cha saratani ya ini, pamoja na ultrasaundi kila miezi sita.

Basi Morogoro ifanye nini? Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 imeifanya Dar es Salaam kuwa safari isiyofika saa mbili kutoka mjini Morogoro. Lakini kwa mgonjwa wa Mgeta, huko Uluguru, kazi ngumu ni kushuka mlima wakati wa masika, tena mara kwa mara, kwa ajili ya namba moja tu. Damu inaweza kushuka bila yeye. Huchukuliwa kituo cha afya, huachwa igande, huzungushwa kwenye sentrifuji, na maji yake ya manjano, yaani seramu, huwekwa kwenye boksi la baridi na kukabidhiwa bodaboda hadi maabara ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Majibu yampate daktari kwa simu. Sampuli za VVU zimesafirishwa kwa mtindo huu nchini kwa miaka mingi, kwa hiyo wataalamu na uzoefu tunao. Sharti moja lisivunjwe: mgonjwa apimwe maabara ile ile kwa njia ile ile, maana mashine tofauti hutoa namba tofauti kwa damu moja, na daktari anaweza kudhani ugonjwa umerudi kumbe kilichobadilika ni kitendanishi.

Hapatakosa wa kusema kwamba sayansi haingoji, na huko mbele tone la damu litagundua kila saratani. Huenda ikawa hivyo. Watafiti wa Muhimbili na Oxford wamekuwa wakichunguza namna ya kutambua limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, kwa vipande vya DNA vilivyomo kwenye damu, ila wao huanza na mgonjwa mwenye dalili. Uingereza nayo ilipoletewa kipimo cha saratani nyingi kwa mpigo, haikukigawa kwa umma. Mwaka 2021 ilianza kwanza kukijaribu kwa watu zaidi ya 140,000. Nchi yenye fedha imeona busara kusubiri ushahidi, na sisi tusione haya kufanya hivyo. Wanaopanga kitita cha huduma chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 waandike kwanza ufuatiliaji wa wagonjwa na usafirishaji wa sampuli zao. Kambi ya kupima wasio na dalili ipewe kibali pale tu itakapoonyesha, kwa jina la hospitali na kwa bajeti, nani atampokea mtu ambaye majibu yake yamekuja mabaya.