Acheni Kupaka Rangi Makubadhi ya Babu!

Nitasema na wanaonuna wanune: sisi vijana wa Mombasa tunaua vitu vya wazee wetu, halafu tunajisifu ati tunavitunza.

Hebu sikieni. Makubadhi ya marehemu babu yangu yalikatika gidamu moja tu, ile inayopita kati ya vidole. Nikayapeleka kwa fundi. Kurudi, nakuta kanda zote mpya, soli ya mpira, na juu kote rangi nyeusi inang'aa kama gari la harusi. Ile alama ya dole gumba la babu, iliyochimbika kwenye ngozi miaka na miaka, haionekani tena. Nilitaka kumlaumu fundi, lakini ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemwambia, "Yafanye yawe kama mapya."

Halafu kuna nyinyi wa upande wa pili: "Cha kale hakiguswi, ukikishona si asilia tena." Sasa mnataka kiozee kabatini? Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Wareno, Waomani, Waingereza, wote wameziba na kuongeza. Na bado 2011 UNESCO wakaitia kwenye Urithi wa Dunia. Nani anaiita feki? Gidamu nayo, aliyeitengeneza alijua iko siku itakatika.

Kwa hivyo rekebisha kilichoharibika, basi. Ngozi kwa ngozi, si plastiki. Fundi ashone kwa mkono, sindano ipite matundu yale yale ya zamani, maana kila tundu jipya linaidhoofisha ngozi. Ukanda ukipasuka, uwekewe kipande chembamba cha ngozi kwa chini. Supagluu kataa: ikikauka inakuwa ngumu, na ngozi inakatika pembeni yake. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanachacha. Na kile kipande kilichotolewa, dai upewe, ukiweke.

Kiraka kikionekana, wacha kionekane. Kinasema kitu hiki kilivaliwa, kikapendwa, kikashonwa.

Yangu yashaharibika, hayarudi. Yako pengine bado yako chini ya kitanda cha nyanya, yamejaa vumbi. Siku ukiyatoa, mwambie fundi maneno haya tu: "Fundi, gidamu. Kwengine usiguse."