Viwavi Wawili, Jina Moja: Deni la Kiswahili kwa Mkulima wa Turkana

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, si kila mgeni aletaye uponyaji. Mwaka 2016 nondo mwenye asili ya bara la Amerika aliripotiwa kwa mara ya kwanza katika Afrika ya Magharibi. Mwaka uliofuata alithibitishwa kuwa ameingia Kenya. Jina lake la kisayansi ni Spodoptera frugiperda. Katika matangazo ya redio na mikutano ya wakulima, mgeni huyo aghalabu hakupewa jina lake mwenyewe, bali aliazimwa la mwenyeji: kiwavijeshi. Makala haya yanashikilia kuwa uazimaji huo una gharama, na kwamba wanaoilipa ni wakulima na wafugaji wa maeneo kama Lodwar na Kakuma, katika Kaunti ya Turkana.

Mwenyeji ni nani? Ni nondo aitwaye Spodoptera exempta, mkazi wa Afrika tangu zamani. Kiwavi wake hula nyasi za malisho na mazao ya jamii ya nafaka. Huzuka kwa wingi wa kutisha mvua zinapoanza, hasa baada ya ukame. Wanapokuwa wachache huwa na rangi ya kijani au kahawia. Wanaposongamana hugeuka weusi na kuandamana ardhini kundi kwa kundi. Maandamano hayo ndiyo yaliyompatia neno “jeshi”. Mgeni naye hana tabia hiyo kwa kawaida. Kiwavi wake hupenya ndani ya moyo wa mhindi au mtama na kujificha humo, akiacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Aghalabu kiwavi mkubwa hubaki peke yake katika mche, kwa sababu wao kwa wao hulana.

Kwa hiyo, viwavi hawa wawili wana jenasi moja, lakini hawana hatari moja wala tiba moja. Kwa mfugaji, mwenyeji ndiye tishio kubwa, maana humaliza nyasi ambazo mifugo ilikuwa ikizisubiri. Kwa mwanamke anayelima mtama au mahindi kando ya mto Turkwel karibu na Lodwar, mgeni ndiye wa kuchungwa zaidi, tena kwa kufunua moyo wa mche mmoja mmoja. Dawa inayonyunyizwa juu ya majani yaweza kumpata kiwavi anayetembea waziwazi. Aliyejificha ndani ya mche huponyoka, na fedha za mkulima zikawa zimepotea. Mgeni hukabiliwa vyema kwa kukaguliwa mapema, kuokotwa kwa mkono na kulindwa kwa wadudu wanaoshambulia mayai yake. Pia kuna mbinu ya sukuma-vuta iliyoendelezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, ambapo mimea ya desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi na nyasi maalumu kuzunguka shamba.

Basi na tujiulize: tangazo linaposema “viwavijeshi wamevamia”, nani ajiandae? Mfugaji akisikia aweza kuhamisha mifugo bila sababu, ilhali adui yumo ndani ya mahindi ya jirani. Au mkulima, akiwa amezoea viwavi weusi wanaoandamana, aweza kutazama shamba lake, asione jeshi lolote, akaridhika huku mimea ikiliwa kutoka ndani. Kosa hapo si la mfugaji wala la mkulima. Ni la neno moja lililobebeshwa mizigo miwili.

Sayansi imekwisha kufanya sehemu yake. Mgeni huyu alielezwa mwaka 1797 na Mwingereza James Edward Smith, mwanzilishi wa Jumuiya ya Linnaeus ya London, katika kitabu kilichopambwa kwa michoro ya wadudu wa Georgia iliyochorwa na John Abbot. Neno frugiperda lenyewe hudokeza upotevu wa mazao. Alama zake zinajulikana. Kichwani kiwavi ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Rangi ya mwili haitoshi kumtambulisha, maana aweza kuwa kijani, kahawia au karibu mweusi. Hata ile Y haitoshi peke yake, kwa sababu viwavi wengine wa jamii hiyo huwa na alama inayoikaribia. Ni lazima isomwe pamoja na yale madoa manne.

Nondo mzima ni mgumu zaidi kumtambua. Dume ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, ila jike ni wa kijivu na kahawia hafifu. Mitego ya harufu inayotumiwa kuvutia madume imewahi kunasa barani Afrika nondo wa spishi nyingine, Leucania loreyi. Anayehesabu nondo bila kuwatambua aweza kutoa taarifa ya uvamizi usiokuwapo. Panapozuka shaka, wataalamu hupima vinasaba.

Hata hivyo, hakuna maabara ya vinasaba katika kila shamba la Turkana. Kilichopo ni macho ya mkulima na lugha anayoelezwa. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika. “Herufi Y iliyopinduliwa” ni maelezo mazuri kwa aliyesoma. Kwa mama ambaye hakupata bahati ya kwenda shule, herufi hiyo haina maana, iwe imesimama au imepinduliwa. Mwambie atazame panda ya mti iliyoelekezwa chini, ataelewa mara moja. Mwambie madoa manne yamekaa kama matendegu ya kitanda, hatayasahau.

Haja hiyo ni kubwa zaidi Kakuma, kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa huko mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016, ambako bustani ndogo za nyumbani zimehimizwa. Hapo hukutana Waturkana, Wasudani Kusini, Wasomali, Waethiopia, Warundi na Wakongo. Kiswahili cha Mkongo si kile cha Nairobi, lakini ni daraja. Daraja likiwa na ubao uliooza, wote hutumbukia.

Huenda ikadaiwa kuwa majina ya Kilatini yanatosha, na kwamba kuunda istilahi ni kazi ya bure. Dai hilo lina ukweli nusu: bila jina la kisayansi, mtafiti wa Kenya na wa Brazili hawataelewana. Lakini jina hilo halifiki shambani. Tayari lipo jina “kiwavijeshi vamizi”, lililoenea hasa Tanzania. Kinachokosekana ni kulitumia bila kulegea, na kumwita mwenzake “kiwavijeshi wa Afrika” kila mara wote wawili wanapoweza kuchanganywa. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na rasmi, na pia inaitaka dola kuendeleza lugha za kiasili. Hivyo Kiturkana kisiachwe nyuma. Yamkini wafugaji wana maneno na mafumbo yao kuhusu viwavi na mvua, ambayo yangefaa kukusanywa kabla ya istilahi kutungwa mezani.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimezoea kujadili tamthilia na ushairi, nalo ni jambo jema. Lakini lugha inayoweza kuchambua shairi na isiweze kumtofautisha adui wa mtama na adui wa malisho ina deni. Deni hilo lilipwe kwa kazi ndogo: kijitabu chenye picha, maelezo ya kusomwa redioni, na wanafunzi wachache walio tayari kuketi na wakulima wa Turkwel na Kalobeyei na kuwasikiliza. Kawia ufike. Lakini kiwavi hakawii.