Viwanda vya Mwanza Vilianzia kwenye Mizani ya Pamba

Katika mahubiri yetu huku Simiyu, kijana anayeondoka Sapiwi kwenda Mwanza husemwa mara nyingi kama mtoro. Amekimbia jembe, amewakimbia wazazi, ameikimbia jumuiya. Kumlaumu ni rahisi. Lakini kabla ya kumlaumu, ndugu msomaji, yafaa tuufahamu mji anaouendea na tuone kwamba historia yake inatuhusu sisi tuliobaki kijijini.

Mwanza ya viwanda ilijengwa na pamba ya Usukuma. Reli ilifika pale mwaka 1928, lakini kwa miaka mingi faida ilibaki kwa wanunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliokuwa wakishuku mizani ya wafanyabiashara waliweka wapimaji wao wa kuhakiki uzito. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu, vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria Federation of Cooperative Unions. Ushirika ukamiliki viwanda vya kuchambua pamba. Katika miaka ya 1960 kikaanzishwa kiwanda cha nguo cha Mwatex. Pamba iliyopimwa kijijini ikaweza kurudi kijijini ikiwa kitambaa.

Kijana wa enzi hizo alikwenda mjini akitumaini kazi ya zamu na mshahara wa mwezi. Wa leo hukuta umachinga, bodaboda, au kubeba mizigo kwenye mwalo wa Kirumba. Viwanda vya minofu ya sangara vilivyokuja miaka ya 1990 vilitoa ajira, lakini havikuchukua nafasi ya pamba. Simiyu bado ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, ila sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kuwa uzi. Pamba inaondoka, na kijana anaifuata nyuma.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Sababu ni nyingi. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, umeme ulikatika, na soko lilipofunguliwa mitumba ilifurika. Hayo yote ni kweli, na wapo watakaosema kwamba mahubiri hayaleti vipuri wala hayapandishi bei ya pamba katika soko la dunia.

Nakubali. Lakini ipo sababu nyingine ambayo hakuna mgeni wa kulaumiwa kwayo: mali ya wote ilitendewa kama mali isiyo na mwenyewe. Karani alipunja kilo, mhasibu alipunja hesabu, na mkulima naye alitia maji na mchanga kwenye pamba ili gunia liwe zito. Ushirika uliozaliwa kwa kudai mizani ya haki ulidhoofishwa pia na mizani isiyo ya haki. Ushirika unaoibiwa na watu wake hauna cha kuwekeza hata siku umeme ukiwapo.

Hapo ndipo Kanisa lina neno la kusema. Nabii Amosi, mtu wa mifugo na mikuyu, aliwakemea waliosubiri sabato iishe ili wauze kwa mizani ya hila. Baba Mtakatifu Leo XIII alitetea haki za wafanyakazi katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891. Miaka 90 baadaye, katika Laborem Exercens, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Waseminari tunazisoma nyaraka hizi na kuzifanyia mitihani. Je, tunaweza kuzieleza mbele ya mizani ya AMCOS msimu wa ununuzi?

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mseminari anayepelekwa mwaka wa kichungaji Usukumani ajifunze jinsi AMCOS inavyoendeshwa: nani anapima, stakabadhi inaandikwaje, wanachama wanasomewaje mapato na matumizi. Viongozi wengi wa vyama hivyo ni waamini wetu, na baadhi yao huongoza sala katika jumuiya ndogondogo. Uaminifu wao ni suala la kichungaji, sawasawa na ndoa zao.

Pili, kijana anapoondoka, parokia isimwache aondoke kama mkosaji. Apewe barua ya utambulisho, apokelewe na jumuiya ya Mwanza, na jumuiya hiyo itafute saa ya kukutana inayomfaa mtu anayeuza bidhaa barabarani tangu alfajiri hadi usiku.

Kanisa si mwekezaji wa kufufua viwanda vya nguo. Lakini linaweza kulea watu ambao mali ya wenzao ikikabidhiwa mikononi mwao haitapungua. Wakulima wa miaka ya 1950 walianza na kitu kidogo tu, uzito wa kweli wa gunia la pamba, nacho kikajenga viwanda. Nasi tunaweza kuanza na uzito huohuo msimu ujao, hapa Sapiwi.