Miguu ya mwanao ikining'inia, atatuliaje?

Wiki tatu zilizopita nililala kwa dada yangu Tabata siku nne mfululizo, kwa kuwa nilikuwa na semina jirani na kwake. Kila jioni mambo yalikuwa yale yale. Kijana wake wa darasa la tatu akishaoga na kula, anafungua begi, anapanda kwenye kiti cha meza ya chakula na kuanza kazi alizopewa shuleni. Dakika kumi haziishi, anaanza kujipindua. Mara apige magoti juu ya kiti, mara akalie mguu mmoja, mara ateleze mpaka kidevu kikaribie daftari. Na kila akijipindua, sauti ya dada inatoka jikoni: "Tulia!"

Siku ya pili sauti ilitoka pamoja na mwiko. Haukumpiga mtoto, ulipiga meza, lakini alishtuka na machozi yakamlenga. Dada akaniambia, mtoto akisikia, kwamba huyu ni mtukutu, hawezi kutulia na kitu kimoja, na mwakani ana upimaji wa taifa wa darasa la nne, sijui atafikaje.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, simu yangu ikiwa kwenye chaji, ndipo macho yangu yakawa usawa wa miguu yake. Nyayo zilikuwa zinaning'inia zaidi ya upana wa kiganja kutoka sakafuni. Alikuwa anazitafutia mahali: anazikunja, anazibana kwenye mguu wa kiti, anazirudisha. Nikamuuliza taratibu, "Baba, mbona hutulii?" Akajibu bila kuinua uso, "Mamdogo, miguu inachoma kama sindano."

Ndugu mzazi, mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika mara nyingi kuhusu maumivu ya mgongo kwa watu wazima. Lakini sikuwahi kufikiria kwamba mtoto anaweza kugombezwa kila jioni kwa sababu ya kiti.

Kiti kilipimwa kwa ajili yako

Viti vingi vya meza ya chakula vina kimo cha sentimeta 45 hivi kutoka sakafuni hadi pale unapokalia, na meza yenyewe sentimeta 75 hivi. Hivyo ni vipimo vya mtu mzima. Mtoto wa miaka minane akikaa hapo, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: meza inamjia kifuani na sakafu inakuwa mbali.

Nyuma ya goti na chini ya paja inapita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyayo zikikosa pa kukanyaga, mguu mzima unaning'inia na ukingo wa kiti unabana sehemu hiyo. Baada ya muda mfupi ganzi inaanza, na ganzi ikianza kuachia ndiyo ile "sindano" aliyoisema kijana wetu.

Mwili hauwezi kuvumilia hivyo kwa muda mrefu, kwa hiyo unatafuta njia. Njia ya kwanza ni kuteleza mbele ili vidole vya miguu viguse chini. Hapo mgongo unaachana na kiegemeo na kupinda. Njia ya pili ni kupiga magoti juu ya kiti. Ya tatu ni kukalia mguu mmoja, na kiuno kinainama upande. Ukimtazama mtoto akifanya hivyo bila kuangalia chini ya meza, utaona utukutu. Ukiangalia chini ya meza, utaona mtoto anayetafuta pa kukanyaga.

Kama huamini, jaribu mwenyewe leo. Kaa juu ya kaunta ya jikoni au ukuta mfupi, miguu ikining'inia, kisha andika kwa kalamu kwenye daftari ulilopakata kwa dakika kumi. Halafu niambie kama ulitulia.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1972 mbunifu wa samani wa Norway, Peter Opsvik, alitengeneza kiti kinachoitwa Tripp Trapp baada ya kuona mwanawe mdogo hana kiti kinachomfaa kwenye meza ya familia. Alichokifanya ni kuweka vibao viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kukanyagia, vyote vikiwa vinapandishwa na kushushwa kadiri mtoto anavyokua. Wazo lenyewe ni la kawaida kabisa. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kulielewa ukimchorea kwenye karatasi.

Pima kwanza

Chukua futi ya fundi cherehani, itakutosha. Unahitaji vipimo vichache.

Kwanza, mguu. Mtoto akae, goti likunjwe vizuri, upime kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino. Kijana wetu alikuwa na sentimeta 34.

Pili, kiwiko. Mtoto akae wima, mabega yakiwa yamelegea na mikono imekunjwa, upime kutoka anapokalia hadi kwenye kiwiko. Kwake ilikuwa sentimeta 18. Kiwiko kinatakiwa kiwe karibu sawa na uso wa meza. Kikiwa chini sana, mtoto anainua mabega muda wote anaoandika, na shingo inachoka.

Tatu, kiti na meza. Kiti cha dada kilikuwa na sentimeta 46 na meza sentimeta 75.

Sasa hesabu. Kiti cha 46 ukijumlisha kiwiko cha 18 unapata 64. Meza ni 75, kwa hiyo kiwiko kilikuwa chini ya meza kwa sentimeta 11. Tukamwekea mto mgumu wa sponji wa sentimeta 9, tukaufunga kwenye kiti kwa kamba ili usiteleze. Kiti kikawa 55. Toa mguu wa 34, zinabaki 21. Hizo 21 ndizo kimo cha kibao cha kukanyagia alichokihitaji mtoto huyu.

Angalia pia kina cha kiti. Mtoto akiegemea, zibaki nafasi za vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Kiti kikiwa kirefu kwenda nyuma, weka mto mwingine mgongoni.

Ukimaliza, mtazame kwa ubavu. Nyayo zimekanyaga zote, magoti na nyonga zimekunjika kama kona ya daftari, mgongo umeegemea. Si lazima abaki hivyo kama askari wa gwaride. Atasogea, na anatakiwa asogee. Muhimu awe na mahali pa kurudi.

Kibao chenyewe

Njia rahisi kuliko zote haina gharama: kigoda au stuli fupi yenye kimo unachohitaji. Boksi gumu lililojazwa magazeti ya zamani na kufungwa kwa gundi ya karatasi nalo linafaa. Tofali la inchi 6 likilazwa lina sentimeta 15 hivi; likivalishwa gunia linasaidia kwa mtoto ambaye pengo lake ni dogo. Tatizo la vitu hivi ni mbili: vinateleza mtoto akivisukuma, na havibadiliki. Mtoto wa shule ya msingi huongezeka kimo kwa takriban sentimeta 5 hadi 6 kwa mwaka, kwa hiyo kilichomfaa Januari hakitamfaa muda mrefu.

Ndiyo maana sisi tulienda kwa fundi. Alitengeneza fremu ndogo ya mbao yenye miguu yake minne inayogusa sakafu. Pande mbili za fremu zimetobolewa matundu kila baada ya sentimeta 3, na ubao wa kukanyagia unashikwa na bolti mbili kila upande. Mtoto akikua unafungua bolti, unashusha ubao tundu moja, unafunga. Fremu yenyewe imeunganishwa na miguu ya mbele ya kiti cha mbao kwa bolti, ili visiachane. Alitumia mabaki ya mbao za kitanda, tukamlipa shilingi elfu kumi na tano baada ya kuvutana kidogo.

Nilimsisitizia fundi jambo moja, nawe msisitizie wako: fremu ni lazima iguse sakafu. Ukipigilia kibao kwenye miguu ya mbele ya kiti kikawa kinaelea, siku mtoto atakayosimama juu yake, kiti kitampindukia. Na watoto husimama. Mwambie na fundi apige msasa kingo zote, na ubao uwe na upana wa kutosha unyayo wote, si vidole tu.

Kwa viti vya plastiki, usitoboe wala usiunganishe kitu. Tumia kigoda kinachosimama chenyewe, na chini yake gundisha vipande vya tyubu ya baiskeli ili kisiteleze kwenye vigae. Na kwa watoto wadogo wa chini ya miaka mitatu, habari hii si yao. Hao wanahitaji kiti chao chenye mkanda, na mtu mzima karibu muda wote.

Kama nafasi ya fundi haipo na kigoda hakipo, meza fupi ya sebuleni na kiti kifupi vinaweza kumfaa mtoto kuliko meza kubwa. Pima vile vile.

Na wewe mzazi je?

Nilipomaliza ya mtoto nilirudi ofisini nikaangalia chini ya meza yangu mwenyewe. Mimi si mrefu. Kwa miaka miwili nimekuwa nikipandisha kiti ili mikono ifikie kompyuta, na visigino vyangu havikuwa vinagusa chini. Nilikuwa nalaumu godoro kwa maumivu ya kiuno. Sasa nina boksi la karatasi za printa chini ya meza, na jioni kiuno kinanilalamikia kidogo kuliko zamani.

Kwa mtu mzima, anza kwa kushusha kiti mpaka nyayo zikanyage. Ikiwa ukishusha kiti meza inakuwa juu mno, basi rudisha kiti juu na utafute kibao cha miguu. Chenye mteremko kidogo ni kizuri kwa sababu kifundo cha mguu kinapata kuchezacheza.

Kwa mama mjamzito anayekaa muda mrefu, kuinua miguu kidogo kunaweza kumpunguzia uzito na uvimbe wa jioni. Lakini tafadhali, kibao kisikufanye upuuze dalili. Uvimbe wa ghafla wa uso au mikono, kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe au maumivu ya juu ya tumbo vinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba. Hapo usisubiri kliniki ya mwezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba peke yake na kuuma, uwe mjamzito au la, nenda ukaonwe haraka.

Kibao si dawa

Kibao cha miguu hakitibu mgongo, na sitakuahidi kwamba kitapandisha alama za mtoto. Kinaondoa usumbufu mmoja. Hata aliyekaa vizuri akikaa muda mrefu anachoka, kwa hiyo kila baada ya nusu saa mwache ainuke, anywe maji, atoke hadi mlangoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Mpira wa jioni haumwibii muda wa kusoma.

Ikiwa umemrekebishia kiti na bado hatulii, angalia mengine. Je, anaona vizuri ubaoni na daftarini? Analala saa ngapi? Alikula mchana? Zungumza na mwalimu wake, na ikibidi mpeleke kituo cha afya. Na mtoto anayelalamika mgongo kwa wiki kadhaa, anayeamka usiku kwa maumivu, mwenye homa, miguu iliyoishiwa nguvu, au aliyeanza kujikojolea ghafla, huyo si wa kutengenezewa kiti. Ni wa daktari.

Jumapili iliyopita nilipita Tabata. Kijana alikuwa mezani, miguu yote miwili juu ya kibao chake, kimoja kikipiga piga ubao kama anasikiliza muziki. Bado anajipindua, maana ni mtoto. Lakini alikuwa amefika swali la mwisho la hesabu na mwiko ulikuwa jikoni kwenye sufuria yake.

Dada aliniambia kitu kimoja tu wakati ananisindikiza kituoni. Alisema siku ile fundi alipoleta fremu, alimwita mtoto akamwambia, "Baba, nisamehe, sikujua miguu inakuuma." Mtoto akamjibu, "Nilikuwa nakwambia, mama, ulikuwa unasema ni visingizio."

Leo jioni, kabla ya kusema "Tulia", inama kidogo uangalie chini ya meza.