Majeruhi wa ajali asitie sahihi haraka

Ajali ikitokea katika komini Lubumbashi, kwenye avenue Lumumba au avenue Kasavubu, mazungumzo ya pesa huanza hata kabla majeruhi hajafika hospitali. Dereva anaomba msamaha, mwenye gari anapigiwa simu, na muzee mmoja kati ya watu waliokusanyika anajitolea kupatanisha. Siku inayofuata jamaa ya majeruhi inaletewa bahasha ya kununulia dawa pamoja na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi hiyo, ile wanayoita décharge, inasema kwamba wamepokea pesa na kwamba hawana tena neno na mwenye gari.

Kupatana si kosa. Watu wengi wamemaliza matata yao hivyo na wakabaki majirani. Shida ni siku yenyewe. Siku ya pili baada ya ajali hakuna mtu anayejua ukubwa wa jeraha, hata dokta. Mfupa wa paja uliovunjika unaweza kuchukua miezi mitatu au zaidi kuungana, na hiyo ni kama kidonda hakikuingia usaha. Mtu aliyegongwa kichwa anaweza kuongea vizuri jioni, halafu kesho yake akaanza kutapika na kusinzia. Mama anayeuza sokoni akilala kitandani miezi minne, biashara yake inakufa na watoto wanafukuzwa shuleni. Hayo yote hayamo ndani ya bahasha. Mwenye gari anafahamu hivyo, na ndiyo maana anakuwa na haraka.

Jambo ambalo wakaaji wengi hawaambiwi ni kwamba pesa za kumlipa majeruhi hazitakiwi kutoka mfukoni mwa dereva peke yake. Tangu ordonnance-loi ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari linalotembea barabarani Congo linalazimika kuwa na bima, au asiransi kama wengi wanavyosema. Kwa miaka mingi SONAS ilikuwa peke yake katika kazi hiyo. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko kwa kampuni zingine na kuweka mamlaka ya kuzisimamia, ARCA. Dereva anatafuta karatasi hiyo ili PCR wasimsumbue njiani, na mara nyingi hata yeye anaiona kama kodi tu. Lakini bima hiyo imewekwa kwa ajili ya mtu aliyegongwa. Jamaa inayotia sahihi décharge kwa ajili ya bahasha inamwachilia mwenye gari, na inaipunguzia pia kampuni ya bima mzigo ambao ililipwa kuubeba.

Kwa hiyo, mbele ya kuongea pesa, kuna kazi zingine. Ya kwanza ni mwili. Damu inayotoka kwa nguvu inazuiliwa kwa kukandamiza kitambaa safi bila kuachilia. Mtu anayelalamika shingo au mgongo asibebwe kama gunia la makala na kuingizwa ndani ya taksi akiwa amekunjwa. Akae palepale mpaka apatikane ubao au kitu kigumu cha kumlaza, isipokuwa kama kuna moto au magari yanaweza kumkanyaga. Asinyweshwe maji wala pombe. Hata yule anayesimama na kusema yuko sawa afike kwa dokta siku hiyohiyo, kwa sababu mwili una maumivu yanayochelewa, na karatasi ya dokta iliyoandikwa wiki mbili baadaye ni rahisi kubishiwa.

Wakati mmoja anashughulika na majeruhi, mwingine apige picha kwa simu: plaki ya gari, karatasi ya bima iliyobandikwa kwenye kioo, jina la kampuni na tarehe ya mwisho. Majina na namba za simu za watu wawili watatu walioona ziandikwe. Na dereva asipigwe. Mjini watu wanakasirika upesi, na dereva anayeogopa mawe anakimbia na gari lake, hata yule ambaye alitaka kusimama. Gari likishapotea na hakuna aliyeandika namba, majeruhi anabaki bila mtu wa kudai.

Halafu kuna PV. Polisi anayefika mahali pa ajali anapaswa kuandika alichokuta: magari yalivyokaa, alama za matairi, maneno ya dereva na ya mashahidi. Bila karatasi hiyo, kampuni ya bima haina sababu ya kufungua mlango. Jamaa iulize namba ya PV na ofisi ambayo imepelekwa, irudi kuuliza tena, na isikubali jibu la kwamba «mambo yamekwisha» wakati hakuna kilichoandikwa. Facture za hospitali, picha za mifupa na hata risiti za vidonge zikae pamoja katika mfuko mmoja.

Kuna pia saa ambayo inatembea bila watu kuisikia. Kujeruhi mtu bila kukusudia kunaadhibiwa na kifungu cha 54 cha kitabu cha pili cha sheria ya jinai, kuanzia siku 8 mpaka mwaka 1 wa gereza. Na kosa ambalo adhabu yake haizidi mwaka mmoja, kifungu cha 24 cha kitabu cha kwanza kinalifuta baada ya mwaka mmoja kama parke haikufanya lolote. Jamaa inayongojea ahadi za mwenye gari, «mwezi ujao, mwezi ujao», inaweza kufika parke na kuambiwa kwamba mlango umefungwa. Njia ya madai kwa kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia inabaki, lakini ni ndefu zaidi na inagharimu.

Maskini wa gari naye asiwe kisingizio. Dereva wa taxi-bus au wa pikipiki mara nyingi hana kitu, ila chombo kina mwenyewe, na kifungu cha 260 kinamfanya yule anayetuma mtu kazi ajibu kwa makosa ya mtumwa wake katika kazi hiyo. Suala hilo ni gumu zaidi kwenye malori ya migodi. Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe kwenye barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, lori la kampuni ya usafirishaji lililobeba asidi ya kupeleka mgodini liligongana na basi. Watu karibu 20 walikufa, wengine waliungua. Hapo swali la nani alipe halikuwa la dereva hata kidogo.

Yote haya ni rahisi kusema kwa mtu asiye na facture mkononi. Jamaa nyingi zinatia sahihi kwa sababu hospitali inadai malipo kabla ya kupasua mguu, au kwa sababu mgonjwa aliyepona anazuiliwa kitandani mpaka deni liishe. Bahasha ya mwenye gari inakuja wakati huo hasa. Basi ichukuliwe, lakini kwa karatasi nyingine, inayosema kwamba ni msaada wa kwanza wa matunzo, kiasi fulani, tarehe fulani, na kwamba hesabu ya mwisho itafanywa dokta akishasema jeraha limefikia wapi. Mwenye gari mwenye nia njema hatakataa kuandika hivyo. Na serikali ya jimbo, inayotoza magari kila siku, ingeweza kuanza kwa kudai kitu kimoja: PV ya ajali yenye majeruhi isikae zaidi ya siku chache bila jamaa kupewa namba yake na jina la kampuni ya bima.