TAHARIRI: Misikiti Ilipofungwa, Dini Ilibaki Nyumbani

Katika karne ya 20 bara la Ulaya lilizaa itikadi nyingi zilizomwahidi mwanadamu Pepo papa hapa duniani. Ufashisti wa Italia, Unazi wa Ujerumani na Ukomunisti wa Urusi zilipigana vikali, lakini zilifanana katika jambo moja: kila moja ilitaka moyo wa raia uwe mali ya dola. Mwezi huu tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za nchi ndogo ya Albania, kwani yaliyoipata yana funzo kwa kila nyumba yenye watoto.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, Waalbania wapatao saba katika kila kumi walikuwa Waislamu. Waliosalia walikuwa Wakristo wa Kiorthodoksi na wa Kikatoliki. Aprili 1939 Italia iliivamia nchi hiyo, na mwaka 1943 wakaingia Wajerumani. Wakomunisti chini ya Enver Hoxha walipigana na wavamizi na kuwaahidi wakulima ardhi, ndipo wengi wakawaunga mkono. Novemba 1944 wakashika utawala. Hoxha mwenyewe alizaliwa mwaka 1908 mjini Gjirokastër katika familia ya Kiislamu, na jina la ukoo wake maana yake ni mwalimu wa dini!

Dini haikupigwa marufuku kwa siku moja. Kwanza, mwaka 1945, sheria ya ardhi ilizinyang'anya taasisi za dini mashamba yao, yakiwemo ya wakfu. Kisha mashehe na mapadri wakatiwa gerezani, na wengine wakauawa. Tarehe 6 Februari 1967 Hoxha alitoa hotuba iliyowachochea vijana, nao wakaingia mitaani na vijijini kufunga nyumba za ibada. Misikiti, makanisa na nyumba nyingine za ibada 2,169 zilifungwa. Baadhi zikabomolewa, nyingine zikageuzwa maghala na kumbi za michezo. Albania ikajitangaza kuwa nchi ya kwanza duniani isiyo na dini. Mwaka 1975 ikatolewa amri ya kubadili majina yasiyolingana na siasa ya Chama, na katiba ya mwaka 1976 ikatamka kwamba dola haitambui dini yoyote.

Lakini lililotuhuzunisha zaidi ni namna mtoto alivyofanywa jasusi wa wazazi wake bila yeye kujua. Katika Mwezi wa Ramadhani watoto walipewa chakula shuleni mchana, na aliyekataa alikuwa amefichua kwamba kwao wanafunga. Basi wazazi wengi waliacha kuwafundisha watoto wao, si kwa kuichukia dini, bali kwa kuogopa kwamba ulimi wa mtoto ungewapeleka gerezani. Wengine walithubutu. Walisali usiku, madirisha yamefungwa, na kuwanong'oneza wajukuu zao yale waliyoyahifadhi.

Hoxha alifariki mwaka 1985. Tarehe 16 Novemba 1990 umati mkubwa ulikusanyika katika Msikiti wa Plumbi mjini Shkodër, na Hafidhi Sabri Koçi, aliyekaa gerezani takriban miaka 20, akaongoza Sala ya hadhara. Wazee walilia. Itikadi iliyojidai kuwa ya milele haikufikisha hata nusu karne.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba hapakuwa na hasara. Vijana wengi walisimama msikitini siku zile bila kujua waseme nini wala wainame lini. Katika sensa ya mwaka 2011 Waislamu wasiokuwa wa tarika ya Bektashi walikuwa karibu asilimia 57. Katika ile ya mwaka 2023 walikuwa karibu asilimia 46. Sababu ni nyingi, ikiwemo watu kuhamia nchi za nje, lakini hapana shaka kwamba mnyororo wa mafunzo ukikatika kwa kizazi kimoja, kuuunga tena ni kazi ngumu.

Kurani Tukufu imekataza kulazimishana katika dini. Katazo hilo linamhusu mtawala afungaye msikiti, na vilevile linamhusu yeyote atakaye kuwapeleka watu msikitini kwa fimbo. Imani ya kulazimishwa ni unafiki tu.

Ndugu wasomaji, sisi twasikia adhana mara tano kila siku, wala hakuna atuzuiaye mlangoni. Je, watoto wetu wamejifunza Sala kwa nani? Wengi wetu tumemwachia mwalimu wa madrasa mzigo wote, nasi tukarudi kwenye shughuli zetu. Yule bibi wa Kialbania alifundisha kwa kunong'ona, huku akihatarisha maisha yake. Sisi tuna ruhusa ya kufundisha kwa sauti, na bado tumenyamaza. Basi usiku wa leo, baada ya Sala ya Isha, kila mzazi na aketi na mtoto wake amsikilize asomavyo.

Mwenyezi Mungu azijalie nyumba zetu ziwe madrasa za kwanza za watoto wetu. Amin.